Mkono wa Mwisho wa Mulongo

Timu yetu ilikuwa na mpira mmoja, na mpira huo ulipenda mto. Kiwanja cha zamani, kule Cimpunda, mtaa wa Bukavu, kilikuwa kimechongwa ubavuni mwa mlima na watu waliokuwa na majembe machache na haraka nyingi. Upande wa juu kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu. Upande wa chini hakukuwa na kitu: ukingo, halafu hewa, halafu mihogo ya watu, halafu mikaratusi, halafu kijito. Mpira ukitoka upande wa juu, ulirudi wenyewe. Ukitoka upande wa chini, ulihama.

Kwa hiyo tulikuwa na mulongo. Ulikuwa mstari wa wanaume ishirini na wawili, kuanzia kwenye kijito hadi kwenye chaki ya kiwanja, kila mmoja amesimama katika kishimo chake alichokichimba kwa kisigino miaka na miaka. Wa kwanza alikuwa na miguu ndani ya maji. Alipouokota mpira alimpa wa pili, wa pili akampa wa tatu, na mlima mzima ukapiga kelele: "Pandisha! Pandisha!" Wengi wao hawakuona mechi hata kidogo. Walichokiona kwa dakika tisini ni makalio ya aliyesimama juu yao, na matokeo waliyajua kwa kusikia. Lakini mtu wa mulongo akifa, au serikali ikimhamisha, nafasi yake iligombewa kwa matusi na kwa bia.

Wa ishirini na mbili, yule wa juu kabisa, aliyesimama chakini na kumpa mchezaji mpira mkononi, alikuwa Papa, baba yangu. Nafasi hiyo iliitwa mkono wa mwisho. Siku za kazi Papa alikuwa karani katika stoo ya majani ya chai, mtu mpole ambaye hata mbuzi wa jirani hawakumtii. Jumapili, watu ishirini na wawili wenye njumu na mwamuzi wao walisimama wakimngoja.

Na walingoja kweli. Tukiwa tumefungwa, mpira ulipanda mlima kama unaunguza mikono. Tukiwa tunaongoza, ulipanda kwa heshima. Wa tatu aliupangusa kwa jani la mgomba. Wa saba aliugeuza-geuza kutafuta tundu. Wa tisa, kinyozi wa mtaani kwetu, aliuamkia kwa Kimashi, "Asinge," na kuuliza habari za huko mtoni. Mwisho ulimfikia Papa, naye akaupangusa tena kwa mkono wa koti, pande zote, kama bakuli la mgeni.

"Sitwaye, leta balo!" mwamuzi alifoka. Wakati ule mabwana walikuwa wamefutwa kwa amri. Sote tulikuwa masitwaye, yaani raia.

"Iko nakuya, sitwaye arbitri," Papa alijibu kwa adabu. "Iko na matope. Wageni wetu wasikuye kuteleza."

Timu moja ilisikia habari zetu ikaja na mpira wake wa akiba. Walijivuna nao kipindi kizima. Kipindi cha pili nao ukaenda mtoni, na mulongo ukapandisha yote miwili, kila mmoja kwa zamu yake, kila mmoja na jani lake la mgomba.

Halafu Taifa likaamua kwamba tumestahili maendeleo. Uwanja mpya ulijengwa kwa saruji na kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo kila raia aliifanya kwa furaha, maana asiyefurahi aliandikwa jina. Ulipokamilika ulikuwa kitu cha kujivunia. Ngazi thelathini na sita za kukalia zilizunguka kiwanja kama sahani ya supu, na kiwanja chenyewe kilikuwa chini kabisa, bapa, na ukuta mbele ya watu, ili mpira usipate nafasi ya kwenda popote. Kulikuwa na jukwaa la wakubwa lenye paa. Mvua ya Bukavu haibagui mtu. Paa lilirekebisha kasoro hiyo. Kulikuwa na saa kubwa ambayo ilisema kweli siku ya uzinduzi, na baada ya hapo haikuona sababu ya kujisumbua.

Papa alienda siku hiyo ya kwanza. Alivaa abakosti yake ya kijivu, koti lisilo na tai ambalo tuliamriwa kulipenda, akateremka ngazi zote mpaka kwenye mlango mdogo wa chuma, akapita, akasimama chakini. Askari wa mlangoni akamfuata.

"Papa, huku hairuhusiwe mutu."

"Miye niko mukono wa mwisho," Papa alisema.

"Fasi yako iko kule juu. Iko na numero. Kwenda kukala."

Papa alitazama chaki, akatazama ngazi, akarudi nyumbani kabla mpira haujaanza. Tangu hapo alikuwa na mafua. Yalimshika kila Jumapili baada ya misa na kumwachia Jumatatu asubuhi, msimu mzima. Nilimwuliza mara moja tu kwa nini haendi. Alijibu bila kugeuka:

"Niende kufanya nini? Kutazama?"

Swali hilo lilinikaa vibaya. Nilikuwa nimetoka chuo na diplomu yenye muhuri mkubwa, na nilikuwa nangoja barua ya serikali iniambie ni shule gani itakayonipokea kama mwalimu. Wengine walisema Luhwindja, wengine Bunyakiri. Serikali yenyewe haikusema. Kwa hiyo nilikuwa na muda, na mtu mwenye diplomu na muda anaweza kujidhuru bila kisu. Jumapili nilikaa sebuleni nikimchunguza Papa, ambaye aliketi mikono juu ya magoti, viganja vikitazama juu. Nilihesabu maneno yake. Wiki iliyopita aliomba chumvi kwa maneno matatu. Wiki hii alinyosha kidole. Niliona wazi mwisho wa hesabu hiyo: atanyamaza mpaka atoweke, na sisi tutaendelea kumsogezea chumvi. Nikajiapiza kumrudisha uwanjani kabla barua yangu haijafika. Kwa kuwa barua ingeweza kufika kesho au baada ya miaka miwili, niliishi kwa haraka isiyojulikana.

Nilianza utafiti wangu kwa kinyozi, yule wa tisa. Kila Jumatatu, kwenye benchi lake, kiwanja cha zamani na uwanja mpya vilicheza mechi ya marudiano. Mtetezi wa uwanja mpya alikuwa jirani yetu, karani wa komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, ambaye wakati wa ujenzi alikuwa amehesabu mifuko ya saruji na tangu hapo aliuona uwanja kama mtoto wake.

"Kule tulikuwa nasimama mu matope sawa mabata," karani alisema.

"Mabata yenye kushinda," kinyozi alijibu, mkasi ukiwa sikioni mwa mteja. "Sasa tunakala juu ya simenti, makalio safi, na tunapigwa."

"Iko stade ya kisasa, sitwaye. Iko na vyoo!"

"Iko na funguo?"

Karani akakohoa. Vyoo vilikuwa vimefungwa tangu uzinduzi. Vilikuwa vinamngoja mkubwa fulani aje kuvizindua kwa sherehe yao wenyewe.

"Funguo itakuya," alisema.

"Haina neno. Siye tuko nakaza."

Benchi likacheka. Karani akasubiri liishe.

"Kama tunapigwa, ni kosa ya simenti?"

"Ni kosa ya ukuta!" Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu. "Jana dakika kumi ilibakia, siye tuko mbele. Balo inatoka, inapiga ukuta, inarudia. Inatoka, inapiga, inarudia. Mutu hapati ata fasi ya kupumua. Mu mambo ya namna hii, timu itashinda na nini?"

"Na kucheza mupira," karani alisema.

"Uko naleta mambo ya Ulaya," kinyozi alimjibu, kwa huruma, akarudi kwenye kichwa. Halafu akanigeukia mimi. "Na muzee? Bado mafua?"

"Bado mafua."

"Jumapili njo mechi ya mwisho. Tukipigwa, tunashuka divisheni. Sare tu inatosha. Umulete. Mulongo bila mukono wa mwisho ni batu tu benye kusimama."

Wiki hiyo sikulala usingizi wa mchana. Nilikuwa nawaza kuhusu viti. Nikimkalisha chini, askari atamfukuza tena na itakuwa kosa langu. Nikimkalisha katikati, atazungukwa na watu wa mitaa mingine wanaokula karanga na kushangilia wakati usiofaa. Juu kabisa, ataona Cimpunda ng'ambo na kiwanja chake, na hilo litamfariji; au litamuua. Nilichora mchoro. Nilimwonyesha Mama mchoro, akaufunikia sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani kwetu.

Papa alikataa, bila shaka. Nilikuwa nimeandaa hoja saba. Aliisikia ya kwanza, akapenga kamasi. Aliyenisaidia ni Mama, na hakuwa na hoja hata moja. Alikuwa na Jumapili.

"Papa ya batoto," alisema asubuhi ile, "miaka yote dimanche ilikuwa yangu. Sasa mutu anakala mu salon, ananifundisha kutwanga sombe. Leo bamama ba rozari banakuya hapa saa nane. Nimebaambia uko mugonjwa. Banataka kukuwekea mikono."

"Ngapi?"

"Kumi na moya."

Papa alifikiri kidogo, akaenda kutafuta kofia.

Tulifika mapema, maana niliogopa foleni, halafu niliogopa kwamba hakuna foleni. Mchoro wangu haukuhitajika. Kinyozi alisimama ngazi za kati akapunga mikono yote miwili, na ndipo nilipoona jambo ambalo mtu mwenye diplomu alipaswa kulikisia. Msimu mzima, wanaume wa mulongo hawakufuata namba za tiketi hata siku moja. Walikaa mmoja nyuma ya mwenzake, kwa mpango ule ule wa mlimani: yule wa mtoni ngazi ya chini, karibu na ukuta, wengine wakipanda juu yake mmoja mmoja, wameruka ngazi moja hapa na moja pale ili mstari ufike juu. Ngazi ya juu kabisa palikuwa na sehemu tupu, imetandikwa gazeti.

"Hapa mutu hakukala toka stade ifunguliwe," mwanamume wa ishirini na moja alimwambia Papa. "Tuliwaambia iko na mukojo."

Papa alikunja gazeti, akaketi. Aliketi upande, kama alivyosimama zamani, bega la kulia likielekea wenzake. Mimi nilikaa ubavuni mwake na miavuli miwili. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta unaofika kifuani, na nyuma ya ukuta, chini sana, mabati ya nyumba.

Kwanza kulikuwa na dansi za kumsifu Mwongozi, mkuu wa nchi. Zilichukua muda mrefu kiasi kwamba wachezaji walipoa na golikipa wetu akakaa chini. Halafu hotuba. Halafu mvua, na wakubwa wakasogeza viti vyao nyuma kidogo, chini ya paa lao, wakaendelea kuwa wakubwa. Mpira wa akiba, maana uwanja wa kisasa ulikuwa na mpira wa akiba, ulihamishwa nao ili usilowe, ukafungiwa mahali salama na mtu aliyeenda kutafuta chai.

Kipindi cha pili wakatufunga. Bao lilikuwa la aibu, sitalieleza. Kuanzia hapo mpira ukatoka, ukapiga ukuta, ukarudi. Ukatoka, ukapiga, ukarudi. Na kwa mara ya kwanza watu wetu waliupenda ukuta. Tulihitaji bao moja. Nilimtazama Papa kuliko nilivyotazama mechi. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti, vikitazama juu, vimejaa matone ya mvua.

Zilibaki dakika chache, kwa saa ya mwamuzi, maana ile kubwa ilisema saa nne na robo kama kawaida. Beki wao mmoja, mtu mwenye mguu kama mchi, aliupiga mpira juu ili aondoe balaa. Ukapita juu ya ukuta kwa mara ya kwanza tangu uwanja uzaliwe, ukamwangukia mikononi mwanamume wa mtoni.

Kurusha kulikuwa kwetu. Mchezaji wetu alikimbia mpaka ukutani, akanyosha mikono, hatua nne kutoka kwake. Alichotakiwa mwanamume wa mtoni ni kuachilia vidole.

Akageuka, akampa wa pili.

"Pandisha!" mtu akapiga kelele, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia. "Pandisha! Pandisha!" Tulikuwa tumefungwa, kwa hiyo hakuna aliyeupangusa. Uliruka kutoka mkono hadi mkono kwa kasi ambayo hata kule mlimani sikuwahi kuiona, wa tatu, wa saba, kinyozi, wanaume wenye vitambi na wajukuu wakitenda kazi yao bila kosa hata moja, wakiupeleka mpira mbali na kiwanja kadiri walivyoweza. Karani wa komini, aliyekaa pembeni, alikuwa amesimama ameshika kichwa. "Banafanya nini? Banafanya nini hawa batu?"

Papa aliupokea bila kutazama. Akageuka upande wake wa kushoto, mikono mbele, kumpa mchezaji. Palikuwa na ukuta, mvua, na mabati ya watu.

Nilipata muda wa kuwaza kwamba atautupa nje, kwamba ataanguka nao, kwamba moyo wake utasimama, kwamba nitamweleza Mama jinsi gani mbele ya wanawake kumi na mmoja, na kwamba yote haya yalikuwa wazo langu. Papa alinitazama.

"Muchezaji iko wapi?"

Nilinyosha mwavuli kuelekea chini.

"Muzee, tumekosea!" kinyozi alipiga yowe. "Telemusha! Leta huku!" Mwanamume wa ishirini na moja alinyosha mikono, na wote chini yake wakanyosha. Lakini Papa hakumpa. Mkono wa mwisho humpa mchezaji, haumpi mtu mwingine. Hilo halikuwahi kubadilika na hakuona sababu libadilike kwa ajili ya saruji. Aliukumbatia mpira kifuani, akaanza kuteremka mwenyewe.

Ngazi thelathini na sita, zimelowa, na goti lake la kulia lilikuwa halikunji vizuri. Nilimfuata na mwavuli juu ya kichwa chake, jambo ambalo baadaye karani alisema lilifanana na maandamano ya Ekaristi. Watu walimpisha. Wengine walimsihi akimbie, wengine walimsihi asianguke. Alipofika ngazi ya kumi aliutazama mpira akaona tope, na mkono wa koti ukaanza kusogea wenyewe.

"Hapana kupangusa!" ngazi zote zilinguruma.

Akaushusha mkono. Chini, kwenye mlango mdogo wa chuma, alisimama askari yule yule.

"Papa, huku hairuhusiwe..."

"Niko naleta balo," Papa alisema.

Askari alitazama mpira, akamtazama mwamuzi anayetazama saa, akatazama watu elfu na mvua yao. Akafungua mlango. Papa akaenda mpaka chakini, akamwekea mchezaji mpira katika mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja, mahali pake. Mchezaji akaurusha. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho kabla haujagusa chini.

Tulishuka divisheni hivyo. Nimesoma sababu nyingine katika ripoti ya komite: hali ya hewa, ukosefu wa nidhamu ya kimapinduzi. Sikuzikanusha.

Tulirudi Cimpunda kwa miguu, Papa mbele. Kinyozi na wenzake walitufuata kwa mbali kama watu waliovunja chombo cha kanisa. Nikaanza kuandaa maneno ya kuomba msamaha. Nilikuwa kwenye toleo la nne Papa aliposimama katikati ya mwinuko, kwenye tope, akageuka na kuwangoja wanaume wale wamkaribie.

"Tulipanga vibaya," aliwaambia. "Kule balo ilikuwa napanda. Huku inatelemuka. Mukono wa mwisho anakala chini, pale kwa mulango. Ule askari sasa ananijua."

"Na miye wa mutoni?" aliuliza mwanamume wa mtoni.

"Weye goti yako iko muzima, kamata fasi ya ishirini na moja, karibu na miye. Kule juu kabisa tutaweka huyu." Alininyoshea kidole mimi. "Iko na diplomu. Atatafuta balo mu mabati ya batu."

Nilihesabu, kwa mazoea. Yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

"Papa," nilisema, "tumeshuka divisheni."

"Na kule banacheza na nini? Na mayai?"

"Na kama barua yangu inakuya? Kama serikali inanituma Bunyakiri?"

Alifikiria jambo hilo kwa uzito wote, akiwa amesimama mvuani bila kofia, maana kofia ilikuwa imebaki ngazi ya juu, kwenye nafasi yangu.

"Basi andika jina ya mutu wa kukukamatia fasi," alisema. "Lakini mutu mwenye mikono. Hapana wa kuwaza-waza."

Kisha akaanza kupanda, na kinyozi akamkimbilia kumwuliza kama tukiwa tunaongoza, majani ya mgomba yatatoka wapi katika simenti yote ile.